Nyumba Sitini na Tatu

Mama mkwe wangu alikuwa fundi cherehani, na futikamba haikumtoka shingoni hata siku za msiba. Ndiyo maana watu walimwita Bi Futi. Siku nilipopelekwa kwake kama mchumba wa mwanawe, alinipima mabega kabla hajaniuliza habari za nyumbani.

"Bega la kushoto limeshuka," alisema. "Ulichota sana maji utotoni."

Ilikuwa kweli. Tangu siku hiyo niliacha kumficha mambo, maana aliyekupima bega kwa jicho moja, utamficha nini?

Kijiji chetu kiko mbali na kila kitu isipokuwa bahari. Ukitoka barabara kuu unatembea saa nzima kwenye njia ya mchanga, halafu unakuta mkono wa bahari, upana wake kama hatua mia. Maji yakitoka unavuka kwa miguu huku tope likikufika magotini. Yakijaa, utafute mtumbwi. Ng'ambo kuna msitu wa mikoko, na ukishaupita huo ndipo unapotuona: ulimi wa mchanga wenye nyumba za makuti, majaruba ya chumvi upande wa nyuma, visima tisa ambavyo vinne tu vina maji matamu. Wanaume wengi huvuna chumvi. Wanawake tunafukia makumbi ya nazi kwenye tope kwa miezi sita, tunayafukua yakiwa yameoza vizuri, tunayatwanga na kusokota kamba. Harufu yake mgeni huiziba pua. Lakini wageni walikuwa haba, kwa hiyo hatukuwa na wa kumwomba radhi.

Mimba yangu ya kwanza ilitimiza siku zake katika mwezi wa joto kali. Uchungu ulinianza asubuhi mapema. Ilipofika saa nne, jirani yetu aliyezoea kuzalisha wanawake alitoka nje akamwambia mume wangu, "Mtoto amekaa vibaya. Hili si la mikono yangu. Mpelekeni hospitali."

Mume wangu alipiga simu. Akaambiwa gari la wagonjwa linakuja, twende tukalisubiri ng'ambo. Maji yalikuwa yamejaa. Waling'oa mlango wa chumba chetu, wakanilaza juu yake, wakanibeba mpaka kwenye mtumbwi. Aliyeshika upande wa kichwa alikuwa mchimba visima wa kijiji, mzee mwenye mikono kama makasia. Watu walimwita Chini kwa Chini, kwa sababu nusu ya maisha yake aliishi shimoni. Njia nzima aliniambia neno moja tu: "Pumua."

Tulifika ng'ambo. Gari halikuwepo. Tulisubiri, jua likapanda, gari halikuja. Baadaye tulielezwa kwamba lilifika mpaka kona ya barabara kuu, dereva akapiga simu kuuliza aendelee wapi, na aliyekuwa mezani akatazama ramani yake akamjibu kwamba huko mbele hakuna watu, ni mikoko tupu. Dereva akageuza. Hakuna aliyetuchukia. Hatukuwa kwenye karatasi, basi.

Nilifika hospitali saa tisa alasiri juu ya mkokoteni wa ng'ombe wa mchuuzi wa nazi aliyepita. Mimi nilipona. Mtoto alikuwa wa kike, na hakulia.

Bi Futi hakumwaga chozi mbele yangu. Alinikanda, alinilisha uji, alinifulia nguo, na siku zote hizo cherehani yake ilikaa kimya. Wiki ya nne aliingia chumbani akakuta naangalia paa.

"Unaweza kutembea?"

"Naweza, mama."

"Basi vaa. Twende tukawaulize sisi ni nani."

Ofisi ya wilaya ilikuwa na feni moja iliyozunguka kwa kujilazimisha. Afisa alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi. Alituuliza kijiji kinaitwaje, Bi Futi akamtajia. Alipitisha kidole kwenye orodha kutoka juu mpaka chini, akarudia tena kutoka chini mpaka juu.

"Hakipo, mama."

"Kipo. Nimetoka huko asubuhi hii. Tope lake liko kwenye vidole vyangu."

Alituongoza mpaka kwenye ramani kubwa ukutani, akagusa doa la kijani kando ya bahari. "Mahali unapopataja ni hapa. Na hapa pameandikwa mikoko."

Bi Futi alilisogelea doa lile. "Haya, mwanangu," alisema. "Mikoko miwili imekuja kukusalimia."

Kijana alicheka, halafu akaona haya. Alitupatia viti. Akaeleza kwamba ramani ilichorwa zamani kutokana na picha zilizopigwa kutoka angani, na paa la makuti ukilitazama kutoka juu hulitofautishi na majani. Ili kijiji kiingie kwenye orodha ilitakiwa barua, na pamoja na barua mchoro wenye vipimo: nyumba ngapi, watu wangapi, maji yako wapi, umbali wa kila kitu. Ndipo ofisi ingemtuma mpima ardhi kuja kuhakikisha.

"Huo mchoro anachora nani?"

"Kwa kawaida ni mtu anayejua kupima, mama."

Bi Futi aliigusa futikamba shingoni. "Hapo umefika," alisema.

Tulipotoka nje nilimwambia nimechoka, sitaki tena kusikia habari za ofisi. Alinishika mkono, akanivusha barabara kama mtoto.

"Pumzika, mwanangu. Ndiyo kwanza mkoko unaalika maua."

Kesho yake alianza. Alichukua kamba yetu ya makumbi, mpya, akaipima kwa futikamba akafunga fundo kila mita moja mpaka fundo la hamsini. Mimi nikashika ncha moja, yeye nyingine, daftari nikalichomeka kiunoni. Tulianzia upande wa mashariki, nyumba kwa nyumba. Watu walitoka kutazama.

"Bi Futi!" mvuna chumvi mmoja alipiga kelele. "Unaishonea nchi suruali?"

"Suruali itangoja," alijibu bila kugeuka. "Nchi iko uchi. Naanza na shimizi."

Siku tisa tulipima. Siku ya kumi, asubuhi mapema, alitaka kuhakikisha, tukarudia umbali kati ya kisima cha kwanza na nyumba ya yule mvuna chumvi. Mchana wa siku ya kwanza tulikuwa tumepata mita arobaini na moja. Sasa tukapata arobaini na tatu. Tukarudia, arobaini na tatu. Bi Futi alikaa chini mchangani, akailaza futikamba juu ya kamba. Mafundo yalikuwa yamesogeleana. Asubuhi kamba ililowa umande ikajikaza na kufupika, mchana ilikauka ikarudi. Kila namba kwenye daftari langu ilitegemea jua lilikuwa wapi.

Nilitamani kulia. Siku tisa! Nilisema, "Mama, tofauti ni ndogo. Nani atajua?"

"Mimi," alisema. "Nikimkatia mtu kanzu kwa kamba hii, mkono mmoja utafika kiwiko na mwingine utafagia sakafu."

Alilichukua daftari akachana kurasa zote tisa, moja moja, bila hasira. Siku hiyo hiyo alikwenda mikokoni akakata fito mbili zilizonyooka, akazipunguza kwa kisu mpaka kila moja ikawa mita mbili kamili. Mti haufupiki kwa umande. Tukaanza upya. Mimi nalaza ufito wangu, yeye anaulaza wake mbele ya wangu, mimi nauinua wangu namruka. Tuliinama na kuinuka hivyo mwezi mzima na siku kadhaa. Mgongo uliniuma, lakini jioni nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu nimpoteze mtoto. Namba zilijaza mahali ambapo mawazo yalikuwa yanakaa.

Mchoro hakuuchora kwenye karatasi. "Karatasi na mkono ule wa bahari hawapatani," alisema. Alichukua shuka nyeupe ya kitanda chake, akapiga mistari kwa chaki ya fundi, halafu akaanza kushona kwa mkono. Urefu wa ufito mmoja ukawa mshono mmoja. Nyumba akazitia uzi mwekundu, njia uzi mweusi, visima bluu. Nilikaa karibu naye nikisoma daftari kwa sauti: "Kutoka kisima cha tatu, fito kumi na saba, kulia kidogo." Yeye anahesabu kwa midomo, sindano inatembea.

Tulikwama kwa Chini kwa Chini.

Nyumba yake ilikuwa karibu na maji, ua mpana, visima viwili ndani yake, na vyote viwili vitamu. Tulipofika na fito zetu alisimama mlangoni.

"Hapa hapapimwi."

"Ndugu yangu," Bi Futi alisema, "ukiacha yako zimebaki nyumba kumi na nne tu."

"Zibaki kumi na tano. Nisikilize, Bi Futi. Kule nilikotoka tulihesabiwa. Walikuja vijana wenye adabu kama huyo wako wa ofisini, wakapaka namba nyekundu kwenye milango yetu. Mke wangu alifurahi, alisema sasa tunatambulika. Mwaka haukuisha, likaja tingatinga. Lilifuata namba. Nyumba ambayo haikuwa na namba walikuwa hata hawajui kama ipo." Alitema mate pembeni. "Asiyejulikana hafukuzwi."

"Asiyejulikana hafuatwi na gari la wagonjwa pia."

Uso wa mzee ulibadilika. Alinitazama mimi, si yeye. "Mimi nilishika mlango ule," alisema polepole. "Usinifundishe uchungu kwenye ua wangu."

Nilitarajia Bi Futi amjibu kwa ukali. Aliuweka ufito wake begani. Akasema, "Umesema kweli." Tukaondoka.

Tulimaliza nyumba nyingine zote. Bi Futi alizishona moja baada ya moja, na mahali pa Chini kwa Chini akapaacha peupe. Hakumsengenya wala kumtumia watu wa kumbembeleza. Shuka ilipokaribia kwisha aliitandaza barazani ili wenye nyumba waje kuangalia kama kuna kosa. Walikuja kijiji kizima. Kila mtu alitafuta nyumba yake kwanza, halafu ya aliyemgombeza mwaka huo. Mmoja alilalamika kwamba choo chake kimesogezwa kwa jirani. Tukaenda kupima tena, tukakuta choo ndicho kilichosogea.

Chini kwa Chini alikuja alasiri, watu wamepungua. Alizunguka shuka mara mbili, mikono nyuma. Alisimama kwenye lile doa jeupe.

"Hapa ni mimi?"

"Ndipo ungekuwepo."

Alichuchumaa. Aliweka kiganja chake juu ya peupe pale, kikapafunika pote. "Miaka ishirini na saba," alisema. "Visima vyote tisa nimevichimba mimi. Mtu akiiona nguo hii atadhani maji yalijileta."

Bi Futi alimsogezea kigoda.

"Kule," mzee aliendelea, "tulipofukuzwa, tulikwenda kulalamika. Wakatuuliza swali moja: mlifika lini? Hakuna aliyekuwa na pa kuonyesha. Waliandika namba ya mlango, lakini hawakuandika mwaka." Aliinua macho. "Nipime. Lakini kila nyumba uiwekee mwaka wake. Yangu na za wote. Kuhesabiwa bila mwaka ni kuonyeshwa njia ya kutokea."

Bi Futi alimtazama kama anavyotazama kitambaa kizuri. "Hilo sikuliwaza," alisema. "Kaa hapo hapo, usiondoke na akili hiyo."

Basi tukarudi nyumba zote sitini na tatu kuuliza miaka. Kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko kupima. Watu hawakumbuki mwaka, wanakumbuka mambo: mwaka wa kimbunga, mwaka jaruba kubwa lilipobomoka, mwaka fulani alipozaliwa. Chini kwa Chini alitembea nasi siku zote hizo. Yeye alikumbuka kila kisima alikichimba lini na kwa ajili ya nani, na kwa visima vile tukaifunga miaka ya nyumba, kama mtu anavyofunga mbuzi kwenye kigingi. Alitupatia pia kina cha kila kisima na ladha ya maji yake. Bi Futi alishona yote.

Afisa wa ofisini aliipokea shuka kwa mikono miwili. Aliita wenzake. Wiki sita baadaye mpima ardhi alikuja, mtu mnene wa makamo, na chombo chake cha miguu mitatu begani. Maji yalikuwa yanatoka. Alimuuliza Bi Futi kama hakuna njia nyingine.

"Ipo," alisema Bi Futi. "Usubiri daraja."

Alivua viatu akavuka. Alipotokea upande wetu tope lilikuwa kwenye nyusi zake, na kabla hajanawa alisema, "Huku watu wanajifunguaje?" Mume wangu alimletea ndoo ya maji.

Alipima siku mbili. Jioni ya siku ya kwanza aliikunjua shuka karibu na daftari lake, akalinganisha, akakohoa. "Kutoka mwanzo wa kijiji mpaka mwisho nimepata mita mia sita arobaini na nne. Hapa pameshonwa mia sita arobaini na mbili. Nani alishona?"

"Mita mbili ziko wapi?" Bi Futi aliuliza kwa ukali. Mpima alicheka, lakini yeye hakucheka. Sidhani kama amezisamehe mita mbili zile mpaka leo.

Ndipo mpima alipotuambia habari ya sheria. Nyumba iliyo chini ya mita thelathini kutoka pale maji yanapofika yakijaa kabisa ilipaswa kuhama, isipokuwa ile iliyojengwa kabla sheria haijatungwa, na sheria ilikuwa na miaka kumi na minane. Alisema kesho yake asubuhi ataangalia miaka kwenye shuka na kuiandika.

Nyumba zilizoangukia ndani ya mstari ule zilikuwa kumi na moja. Nilizijua zote kwa daftari. Nane zilikuwa za zamani, ikiwemo ya Chini kwa Chini. Tatu zilikuwa mpya kuliko sheria, na moja ya hizo tatu ilikuwa yetu. Bi Futi aliihamishia pale baada ya kufiwa na mumewe, miaka kumi na sita iliyopita, kwa sababu pale mwanga ni mzuri wa kutungia sindano.

Nilimfuata jikoni. "Mama, ni tarakimu moja tu. Mishono minne. Nifumue sasa hivi, haitaonekana."

Alikuwa anapuliza moto. Aliendelea kupuliza.

"Mama, ni nyumba yako."

"Najua ni ya nani." Aliinuka, akajifuta macho yaliyojaa moshi. "Mzee wa watu aliogopa namba, akaniamini mimi. Mwaka wake ni wa kweli. Nikitia mmoja wa uongo, akija mtu akaugundua, atauamini upi? Uzi mmoja ukifumuka, nguo haibaki." Akanipa mwiko. "Geuza chakula kisiungue."

Asubuhi mpima alisoma miaka mmoja mmoja. Alipofika kwetu alisita, akamwangalia Bi Futi, akaangalia tena shuka. Bi Futi akamwambia, "Andika." Akaandika.

Barua ilikuja mwezi wa nne baada ya hapo. Mume wangu aliisoma barazani, watu wamejaa mpaka kwenye majaruba. Kijiji kimeingizwa kwenye orodha, nyumba sitini na tatu, watu mia tatu na tisa. Muuguzi atakuja mara mbili kwa mwezi. Mashua ya injini kwa ajili ya wagonjwa itakaa ng'ambo, na namba ya simu ya kuiita imeandikwa. Nyumba nane za pwani zina haki ya kubaki. Nyumba tatu zihame ndani ya siku tisini. Kuhusu daraja, ombi litafikiriwa.

Watu walipiga vigelegele, kisha wakanyamaza walipokumbuka zile tatu. Chini kwa Chini alisimama. "Bi Futi anahamia kwangu," alisema, na watu walipoanza kuguna aliongeza haraka, "kwenye ua, jamani! Ua wangu ni mpana! Upande wa juu kuna nafasi nje ya mstari. Nimeshapima."

"Umepima kwa nini?" Bi Futi aliuliza.

"Kwa miguu."

"Nitarudia mwenyewe."

Tulibomoa nyumba kwa siku mbili. Paa lilibebwa zima na watu arobaini, likatembea juu ya vichwa kama kobe mkubwa. Wale wengine wawili wa kuhama walisaidiwa vilevile, mmoja akahamia kwa kaka yake, mwingine nyuma ya majaruba. Mimi nilibeba cherehani, maana Bi Futi hakumwamini mtu mwingine. Alipoiweka kwenye nyumba mpya alikaa akatunga uzi, akashindwa mara tatu, akaamua ukuta wa upande wa kisima utobolewe dirisha siku hiyo hiyo. Mume wangu alilitoboa. Nilimwona Bi Futi akitazama kule nyumba yake ilikokuwa, mchanga mtupu umebaki na alama za nguzo, mkono wake ukiwa shingoni. Kisha akaendelea na kazi.

Mwaka uliofuata nilijifungua hospitalini mtoto wa kiume. Dakika thelathini na tano baada ya simu gari la wagonjwa lilikuwa ng'ambo, na mashua ilivuka kunifuata muuguzi akiwa ndani yake. Kijana analia mpaka leo, na hakuna anayemnyamazisha kwa hasira nyumbani kwetu.

Alipofikisha miezi mitatu, Bi Futi aliitoa ile barua kwenye sanduku, akaniomba nimsomee sehemu ya mwisho.

"Ombi la daraja litafikiriwa," nilisoma.

"Na nani?"

"Haijaandikwa, mama."

"Mwaka mzima mtu anafikiria, na hatujui hata jina lake? Anakaa ofisi gani?"

"Haijaandikwa."

Aliikunja barua akaitia kifuani. Nje maji yalikuwa yanaanza kutoka. Nilimfunga mtoto mgongoni, tukaenda kumtafuta huyo anayefikiria.